Gemu wanaisifu wote, mimi inanilaza

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nilijibana miezi mitatu nikanunua mashine ya gemu, PS4 iliyokwishatumika, pamoja na diski ya gemu ya Red Dead Redemption 2, maana kila niliyemuuliza aliisifu. Nimeicheza jioni nne, zote nimesinzia na pedi ya kuchezea mkononi. Mdogo wangu ananicheka, ati mimi mshamba, nirudi kwenye PS2 yangu ya zamani nikacheze PES, ile gemu ya mpira. Tatizo ni langu, au watu wanadanganyana?
Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Hakuna aliyekudanganya, na mshamba si wewe.

Nilikuwa na kibanda cha gemu Tanga: tivii tatu za chogo, PS2 tatu, mechi shilingi 200. Kijana akilalamika "gemu mbovu hii", nilimuuliza imefanya nini. Akisema amebonyeza shuti na mchezaji kazubaa kwanza ndipo apige, nilichukua pedi nikabonyeza mwenyewe. Nami nikiona vilevile, basi ni ubovu kweli. (Mara nyingi ulikuwa wa pedi, zilimwagiwa mpaka soda.) Lakini akisema "inaboa tu", nibonyeze nini hapo?

Ubovu wa kweli hauhitaji mjadala. Konami, watengenezaji wa PES, walipoachana na jina hilo wakatoa eFootball 2022, Septemba 30, 2021, nyuso za wachezaji zilikuwa zimepinda kiasi kwamba hata mke wangu, asiyejua kona wala ofsaidi, aliuliza yule kapatwa na nini. Ilitolewa bure na bado watu waliona wameibiwa. Konami wenyewe wakaomba radhi.

Sasa njoo kwenye hiyo yako. Kampuni ya Rockstar waliitoa mwaka 2018, na ule mwendo wake wa polepole ni wa makusudi. Arthur, yule unayemwongoza, akipekua nyumba, anavuta droo moja moja. Akiua mnyama, anamchuna mbele yako, kisha anabeba ngozi mpaka kwa farasi. Bunduki usipoisafisha, inapungua nguvu. Kwenye baridi hata kende za farasi hunywea. Mniwie radhi akina mama, lakini kuna mtu alilipwa mshahara kwa kazi hiyo. Hakuna kilichoharibika hapo. Mdogo wako anaona dunia inapumua. Wewe umetoka kibaruani, miguu inawaka moto, unataka dakika kumi na bao la kumtambia mtu. Zile alama 97 kati ya 100 za tovuti ya Metacritic ni wastani wa wachambuzi, watu ambao kuicheza ndiyo kazi yao ya siku.

Na mimi nikiri langu. PES 6 ya mwaka 2006: Chelsea inaitwa London FC kwa kukosa leseni, na mshambuliaji Adriano wa Inter akiachia shuti la mguu wa kushoto kutoka mbali, kipa anakwenda kuokota tu. Kibandani kila mtu alitaka Inter, mpaka nikaipiga marufuku siku za Jumamosi, maana watu walikuwa wanakaribia kushikana mashati. Mchezaji mmoja kuvuruga mchezo mzima ni kasoro, na ningekuwa mchambuzi ningeikata alama bila huruma. Ndiyo gemu ninayoipenda kuliko zote. Siku hizi nikiicheza peke yangu haininogei hata nusu, kwa hiyo sina hakika kama nilichokipenda ni gemu au zile kelele za nyuma ya kiti changu.

Diski usiiuze kwanza. Kule mwanzo kwenye theluji ndiko kunakolaza wengi. Vumilia mpaka genge la Arthur lihamishe kambi kutoka milimani, upande farasi uende mjini Valentine. Icheze Jumapili asubuhi, si usiku baada ya kazi. Ukisinzia tena, mpe mdogo wako. Gemu yangu ya Dark Souls nilimpa mtoto wa dada yangu kwa mtindo huohuo. Kaimaliza mara mbili, na diski yangu sijaiona tena.