Maswali ya wasomaji: kurekodi gitaa la besi chumbani kwako

Toleo lililopita tuliongelea gitaa la solo, na meseji nyingi zilizoingia baada ya hapo zinauliza besi. Nimefurahi sana, maana besi ndo chombo changu na ndo chombo watu wanakirekodi mwisho kwa harakaharaka wakati wimbo mzima umekaa juu yake. Nimechagua tano, majina nimeyaacha, nimebakisha mlipo tu.

Shikamoo mwalimu. Napiga besi kwenye kwaya huku Dodoma, mwaka wa tatu huu. Nimeanza kujirekodi geto, nachomeka waya wa gitaa kwa adapta kwenye tundu la maiki la laptop, lakini sauti inatoka nyembamba haina uzito, afu nikipiga kwa nguvu inakwaruza. Gitaa hilohilo kanisani linaunguruma mpaka mabenchi yanatetemeka. Mwenzangu kaniambia niazime ampu ya kanisa niweke maiki mbele yake. Nifanye hivyo?

Marahaba mdogo wangu. Ampu ya kanisa iache kanisani, nitakwambia kwanini, kwanza tumalizane na hilo tundu.

Pikapu ya besi, kile kidude chini ya nyuzi kinachodaka mlio, ni sumaku na waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Kama gitaa lako halitumii betri basi umeme unaotoka humo ni mdogo na unataka tundu lisilounyonya. Tundu la gitaa lina upinzani wa kama ohm milioni 1, la maiki ya laptop lina elfu chache tu, yaani ni kama simtanki dogo halafu koki zote za nyumba zimefunguliwa kwa pamoja, hakuna itakayotoa maji ya maana. Kinachokufa kwanza ni mlio wa juu, ule unaokufanya usikie kidole kinagusa uzi. Tundu lenyewe limetengenezwa kwa kimaiki kidogo chenye sauti dhaifu, ndo maana ukikaza mkono linakwaruza. Na laptop nyingi zina kichujio cha kusafisha sauti ya mtu anayeongea, kinadhani mlio mzito ni kelele za feni na kinaukata, huo ndo wembamba unaousikia. Gitaa lako halina kosa lolote.

Tafuta saundi kadi ya USB, yaani kisanduku cha kuingizia sauti kwenye laptop, yenye tundu lililoandikwa INST au Hi-Z, au lililochorwa kigitaa. Focusrite Scarlett Solo inayo, Behringer UM2 inayo na ni ya bei ya chini zaidi, na hata used ukiijaribu kabla ya kulipa haina shida. Ila jihadhari na vile vidude vidogo vya USB vyenye matundu mawili ya hedifoni tu, hivyo vinaitwa saundi kadi pia lakini vitakurudisha palepale ulipo. Ukishachomeka hakikisha kwenye programu ya kurekodia umechagua kadi hiyo kama njia ya kuingizia sauti, mimi niliwahi kurekodi nyimbo mbili nzima kumbe muda wote ilikuwa inachukua maiki ya ndani ya laptop, nilisikitika sana siku ile maana mpiga ngoma alikuwa ameshasafiri.

Geini, yaani kiwango cha sauti inayoingia, ipange hivi: piga ile sehemu ya wimbo unayoipiga kwa nguvu kuliko zote, siyo kugusagusa kwa majaribio, piga kama Jumapili, halafu pandisha mpaka mita iruke kwenye desibeli -12 mpaka -8 hivi. Usiogope kwamba mstari unaonekana mdogo kwenye skrini, utapandisha baadae. Ikigonga 0 hata mara moja, noti hiyo imeharibika na hakuna pulagini (kiprogramu cha kurekebisha sauti) itakayoirudisha vizuri.

Sasa ampu. Uzi wako mzito kabisa, E, ukiupiga wazi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi moja la mlio huo hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Chumba chako geto kina mita ngapi, tatu kwa tatu? Wimbi halipati pa kukaa, linagonga ukuta na kurudi, kona moja besi inajaa kupita kiasi, ukisogea hatua mbili imepotea, na maiki itarekodi hicho hicho. Kanisani kuna nafasi ndo maana mabenchi yanatetemeka. Kwa hiyo nyumbani ingiza moja kwa moja, na wala usione ni njia ya maskini. James Jamerson, mpiga besi wa Motown kule Detroit miaka ya 60, sehemu kubwa ya kazi zake za studio gitaa liliingia moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia, na alikuwa anapiga kwa kidole kimoja tu cha shahada, na mpaka leo wapiga besi dunia nzima wanakaa chini kujifunza mistari yake.

Niaje. Mimi ni msichana wa Kisumu, napiga besi ya benga na bendi ya mtaani. Saundi kadi nilinunua lakini kuna mlio wa mmmmm nyuma hautoki, nikitoa kwa EQ (kile cha kupunguza na kuongeza mlio wa chini au wa juu) besi yangu yenyewe inakuwa kama imeugua. Nitaondoaje?

Poa dada, na hongera, benga bila besi inayotembea haiendi popote, halafu besi ya benga ina noti nyingi zenye mapengo mafupi kwa hiyo mmmmm ikiwepo inasikika kwenye kila pengo.

Umeme wetu Afrika Mashariki unatetemeka mara 50 kwa sekunde. Noti ya G, kidole kwenye freti ya tatu ya uzi wa E, inatetemeka mara 49. Unaona shida ilipo? Ukikata 50 kwa EQ unakata G yako, na kama wimbo uko G ndo umeukata miguu. Huu mlio unauondolea kwenye chanzo, kabla haujarekodiwa.

Anza na chaja. Ichomoe, acha laptop itumie betri, sikiliza. Mara nyingi sana unapotea hapohapo, maana chaja nyingi za laptop zinatupa kelele zake kupitia waya wa USB mpaka kwenye kadi. Ukipotea basi chaji laptop ijae kabla hujaanza na rekodi kwa betri, na hii ina faida nyingine kwamba umeme ukikatika katikati ya teki nzuri hupotezi kitu. Ukibaki, shika nyuzi kwa kiganja. Ukipungua ukishika, gitaa lenyewe linadaka mawimbi yaliyopo chumbani, kwa hiyo sogea mbali na laptop, simu weka chumba kingine, zima feni na zile taa za kupunguza mwanga, halafu kaa umegeuza gitaa pembeni taratibu mpaka upate upande ambao mlio unafifia. Upo kweli, zunguka kwenye kiti utausikia. Kama ni gitaa la aina ya Jazz Bass lenye pikapu mbili, fungua volyumu zote mbili mpaka mwisho sawasawa, pikapu hizo kwa kawaida zimezungushwa kinyume ili mmoja afute kelele ya mwenzake, ukipunguza moja tu mlio unarudi. Kama ukishika nyuzi mlio unaongezeka, au ukigusa jeki inakwaruza, mpelekee fundi aangalie waya wa ndani, huenda ni kulehemu tu dakika tano.

Na tafadhali sana dada yangu, kuna watu watakwambia ukate ile pini ya tatu ya plagi ya ampu au ya spika ili mlio upotee. Usikate. Ile ndo inayokukinga usipigwe na umeme ukiwa umeshika nyuzi za chuma.

Salaam kutoka Muscat. Nikipiga, sauti inanifikia imechelewa kwenye hedifoni, nashindwa kabisa kushika mdundo. Laptop yangu ni mpya tu.

Wa alaikumu salaam. Laptop yako haina neno. Kwanza, kama hedifoni ni za bluetooth weka pembeni, mara nyingi zinachelewa zaidi ya milisekunde 100 na hakuna mpiga besi anayeweza kuishi humo, tumia za waya zilizochomekwa kwenye kadi yenyewe. Pili, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya programu uangalie bafa, yaani kipande cha sauti ambacho laptop inakikusanya kwanza kabla ya kukitoa. Ikiwa 1024 kwenye sampo (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde hapo pekee umeshapoteza milisekunde 21 na bado sauti haijatoka nje, shusha mpaka 128 ni kama 3 tu. Ukisikia inakatikakatika panda 256. Ukimaliza kurekodi na unaanza kumiksi irudishe juu, laptop ipumue. Na kama kadi ina swichi ya kujisikiliza moja kwa moja iwashe, halafu zima ile ya kwenye programu usije ukajisikia mara mbili. Kwenye Windows sakinisha draiva ya ASIO, ile inayopunguza kuchelewa, ya kampuni ya kadi yako, kama haina weka ASIO4ALL, ni ya bure.

Kaka, mimi prodyuza mchanga Mbagala. Besi kwenye spika zangu inapiga vizuri, mteja akisikiliza kwenye simu anasema hamna besi humu. Nimeongeza mpaka wimbo wote unapasuka.

Hujakosea peke yako, wengi wetu tumepita hapo na tumeharibu nyimbo za watu. Spika ya simu ni ndogo kama kucha, ile mitetemo 41 kwa sekunde ya uzi wa E haiwezi kuitoa, hata 100 inaitoa kwa shida. Ukiongeza volyumu unaongeza kitu ambacho simu haina uwezo wa kukitoa, unachopata ni kupasuka tu.

Lakini noti ya besi haina mlio mmoja, juu ya 41 kuna 82, kuna 123, kuna 164 na kuendelea, na sikio la binadamu lina maajabu yake, likisikia hizo za juu linajaza lenyewe ya chini. Kwa hiyo kazi yako ni kuzipa nguvu hizo za juu. Kopi traki ya besi, traki ya kwanza iache safi kama ilivyo. Ya pili kata kwa EQ kila kitu chini ya mitetemo 200 hivi, weka pulagini ya kukwaruza kidogo, satuaresheni au distosheni yoyote ya bure, ipike mpaka ukiisikia peke yake inakera, halafu shusha chini kabisa na uipandishe taratibu wakati wimbo mzima unacheza, mpaka pale besi inapojitokeza kwenye simu bila mtu kugundua kuna mkwaruzo. Kwenye traki safi kata chini ya 30, punguza kidogo kwenye 250 kama sauti imejaa tope. Kompresa, pulagini ya kubana sauti inayozidi nguvu, weka uwiano wa 4 kwa 1, ataki (muda kabla haijaanza kubana) kama milisekunde 25 ili ule mguso wa kidole upite kabla haijabana, rilisi (muda wa kuachia) milisekunde 100 kisha sikiliza, ikiwa inapumua vibaya na mdundo badilisha.

Na kick, ile ngoma nzito ya mguu. Besi na kick vikigombea sehemu moja hakuna atakayeshinda, amua nani akae chini kabisa. Kwenye muziki wa dansi besi ndo inayoimba, mimi huwa naipa besi chini na kick naiacha igonge juu yake kidogo. Kwenye singeli au amapiano utaamua vingine.

Nauliza haya mawili, niko Mwanza. Nyuzi zangu zina miaka miwili, watu wanasema nizichemshe. Na la pili linaniuma: nilikuwa najiona najua besi, nikajirekodi, nikasikiliza, nikagundua sijui kupiga. Niendelee?

Nyuzi chemsha, inasaidia, uchafu na mafuta ya vidole vinatoka na ule mng'ao unarudi kwa siku chache, zikaushe vizuri tu. Ila zikishachakaa hazikai sawa kwenye tyuni, jaribu hivi: piga uzi wazi uutyuni, halafu bana freti ya 12 uangalie tyuna. Ikisoma tofauti na nyuzi ni za miaka miwili nunua mpya kwanza kabla hujamsumbua fundi.

La pili. Endelea, tena umefika pazuri. Jukwaani ngoma na waimbaji wanafunika mengi, kwenye hedifoni uko peke yako na unasikia uzi wa A unaendelea kulia wakati wewe umeshahamia D, unasikia noti moja imepigwa kwa nguvu inayofuata kama umechoka. Hayo ndo yanayofanya rekodi isikike ya kitoto, na siyo bei ya gitaa. Lalisha kidole gumba juu ya nyuzi nzito usizozipiga ili zinyamaze, vidole vya mkono wa kushoto viguse nyuzi nyembamba, na kila noti amua inaishia wapi siyo inaanzia wapi tu. Weka kliki, ule mlio wa kuhesabu mdundo, kwenye spidi ya wimbo, chukua baa nne tu, siyo wimbo mzima, zirekodi mara kumi halafu usifute hata moja. Kesho yake asubuhi kabla hujagusa gitaa zisikilize zote kumi, uandike ni ipi imekaa na kwanini, kisha nitumie hiyo moja na ile mbaya kuliko zote, nitazisikiliza zote mbili.