Jibu: Trebusheti ndogo inayorusha jiwe juu badala ya mbele

Ndugu, umeuliza kwa nini trebusheti yako ya mbao (mtambo wa kurushia mawe kwa mkono mrefu unaozungushwa na uzito mkubwa upande wa pili) hurusha jiwe juu badala ya kulipeleka mbele. Kwa maelezo uliyotoa, kombeo, yaani mfuko wa kamba unaobeba jiwe, linafunguka mapema mno. Pete ya kombeo huchomoka kwenye msumari ulio kwenye ncha ya mkono mrefu, hivyo ukiukunja msumari huo kidogo kuelekea mbele, pete itachelewa kutoka na jiwe litakwenda mbali zaidi. Kunja kidogo kidogo, bila kubadilisha kitu kingine chochote, na watu wasisimame mbele wala nyuma ya mtambo.

Hakikisha pia kwamba uzito wa upande mfupi wa mkono ni karibu mara 100 ya jiwe, kwa sababu nguvu yote hutoka hapo. Mitambo ya kale ya China ilivutwa kwa kamba na watu wengi, na ile ya uzito ilienea baadaye, hasa kuanzia karne ya 12. Mwaka 1304, Mfalme Edward I wa Uingereza alipoizingira ngome ya Stirling huko Uskoti, alikataa kuwapokea waliotaka kujisalimisha mpaka kwanza mtambo wake mkubwa, Warwolf, urushe mawe.