Swali la lugha: Beaufort ni "Bofat" au "Byufat"?

SWALI: Tunatafsiri filamu ya maisha ya Robert Smalls, yule mtumwa aliyeiteka meli ya Planter bandarini Charleston mwaka 1862. Alizaliwa Beaufort. Msimulizi wetu anasoma "Bofoti", ila wenyeji wanaohojiwa humo wanatamka kitu kama "Byufat". Nani yuko sahihi? Na je, naweza kuandika "Beaufortini"?

JIBU: Wafuateni wenyeji. Wamarekani wana Beaufort mbili mashuhuri, zote miji midogo ya pwani ya Atlantiki, zote za mwanzoni mwa karne ya 18, na zote zimeitwa kwa heshima ya mkabaila yule yule wa Kiingereza, Henry Somerset, Duke wa Beaufort. Tahajia haibadiliki hata herufi moja. Lakini ya Carolina Kaskazini hutamkwa "Bofat", na ya Carolina Kusini, alikozaliwa Smalls mwaka 1839, ni "Byufat". Siku mkitafsiri habari za haramia Blackbeard, ambaye meli yake ilikwama mwaka 1718 karibu na Beaufort ya kaskazini, hapo semeni "Bofat".

Hiyo "Bofoti" naielewa ilikotoka. Ulimi wa Mswahili hautulii neno likiishia na konsonanti, basi unaongeza irabu. Tatizo ni kwamba irabu hiyo inahamisha mkazo: linakuwa bo-FO-ti, kwa kuwa sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mwambie msimulizi aikate "t" papo hapo. Zikibaki silabi mbili, mkazo utaangukia ya kwanza wenyewe, kama wanavyotaka wa huko. "Byu" nayo si ngumu: atamke "mpya", kisha aiondoe "m", "p" aigeuze "b" na "a" aifanye "u".

"Beaufortini" hapana. Jina la mahali halihitaji -ni. Hata Mombasa hatusemi "Mombasani". Andika "alizaliwa Beaufort", "alirudi Beaufort", yatosha. Upatanisho wa kisarufi ndio unaowachanganya wengi: ukitanguliza mji, sema "mji wa Beaufort ulitekwa mwaka 1861", jina likisimama peke yake, "Beaufort ilitekwa".

Kwenye maandishi ya skrini acheni Beaufort kama ilivyo. "Byufat" iandikeni kwenye nakala ya msimulizi tu, pembeni, kwa kalamu.