Filta gani kwa tangi la maji chumvi la lita 200?

Ndugu nimekuelewa, tangi lako ni la lita 200, unaanza na samaki wawili watatu halafu baadaye matumbawe, na umekwama kati ya filta ya kopo, ile iliyofungwa ndani ya kopo nje ya tangi, na sampu, yaani tangi la pili linalokaa chini ya tangi kuu. Mimi ningechukua sampu kama kwenye kabati chini kuna nafasi, maana inakuongezea maji, na skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) na hita vyote unavificha huko. Ila hela ya kwanza weka kwenye mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye vijidudu hai, bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa nitriti halafu nitreti wanakaa humo, hiyo ndo filta yenyewe hasa.

Skima inafuata. Inapuliza vipovu vidogo vidogo, uchafu unanata kwenye povu unapanda hadi kwenye kikombe, ukikuta maji ya kahawia yananuka vibaya humo ujue inafanya kazi. Filta ya kopo nayo inafaa lakini sponji lazima uoshe kila wiki, mi niliacha yangu mwezi mzima nitreti ikapanda sana na nikapoteza samaki, iliniuma.

Kwenye sampu, zima pampu makusudi uangalie maji yanayorudi chini kama yanaenea ndani ya sampu bila kumwagika, maana umeme ukikatika usiku ndo hivyo hivyo itakuwa. Chumvi na soketi haviivani kabisa, hapo muite fundi umeme akufungie kifaa cha kukata umeme ukivuja.

Na tafadhali usiweke samaki mpaka amonia na nitriti zote zisome 0 kwenye kipimo cha maji, mara nyingi inachukua wiki 4 hadi 6.