Piano: ya nyuzi au ya kugonga?

Umeuliza piano ni ala ya nyuzi au ya kugonga. Ni zote mbili, ila mimi naiweka kwenye za kugonga. Fungua kifuniko, bonyeza kitufe kimoja huku ukitazama ndani: kinyundo kilichovikwa sufu iliyoshindiliwa kinaruka, kinagonga nyuzi, kinarudi papo hapo. Ukibonyeza polepole mno hakifiki, na husikii kitu! Vitufe ni 88 lakini nyuzi ni zaidi ya 200, maana noti nyingi zina nyuzi tatu tatu. Aliyeibuni ni Bartolomeo Cristofori wa Italia, karibu mwaka 1700. Kabla yake hapsikodi, ala ya vitufe inayofanana na piano, ilizidonoa nyuzi tu, kwa hiyo nguvu ya kidole haikubadilisha sana ukubwa wa sauti.