Maswali ya Wasomaji: Kubaki na Spoketi Moja Mbele

Swali: Naomba ushauri. Naenda kazini kwa baiskeli ya mtumba ya magurudumu ya inchi 26. Mbele ina spoketi tatu, za meno 48, 38 na 28. Nyuma ziko saba, kuanzia meno 14 hadi 28. Kibadilisha giya cha mbele kimeliwa na kutu, na mnyororo unachomoka kila nikianza kupanda mlima wa kwenda nyumbani. Nataka ibaki spoketi moja tu mbele. Ni ipi? *Msomaji, Mwanza*

Jibu: Ya kati, ile ya 38. Lakini usifungue hata nati moja kabla hujaijaribu wiki nzima. Weka mnyororo kwenye spoketi ya kati, usiiguse swichi ya kushoto, upande milima yako yote hivyo hivyo. Jaribio hili halina gharama, na milima ya Mwanza haidanganyi.

Hesabu yake ni hii. Kwa giya yako nyepesi ya sasa, 28 mbele na 28 nyuma, pedali ikizunguka mara moja baiskeli inasogea kama mita 2. Ukibaki na 38 mbele, inasogea mita 2.8, maana yake mlima unakuwa mzito kwa zaidi ya theluthi. Magoti yakilalamika, anza kwa kubadilisha friwili, yaani kundi la spoketi za nyuma: nunua ya spoketi saba za meno 14 hadi 34. Hapo unashuka hadi mita 2.3. Bado nzito? Funga spoketi ya 32 mbele; utapata mita 1.9, nyepesi kuliko uliyonayo leo. Utakachopoteza ni kasi ya tambarare tu: 32 kwa 14, ukipiga pedali mizunguko 80 kwa dakika, ni kama kilomita 22 kwa saa. Kwa safari ya kazini inatosha kabisa.

Kabla ya kununua, pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya bolti jirani. Krenki (mkono wa pedali unaobeba spoketi) ya bolti nne ikikupa milimita 73.5, omba spoketi ya duara la bolti la milimita 104. Ya bolti tano ikikupa milimita 64.7, hiyo ni 110; hiyo haipokei spoketi ya 32, omba ya 34. Chagua yenye meno yanayopishana, moja nene moja jembamba. Spoketi za kawaida za giya zina meno mafupi yaliyochongwa makusudi ili mnyororo uhame kwa urahisi, na kibadilisha giya kikiondoka hakuna cha kuuzuia usihame kwenye mashimo. Unapouvalisha, jino nene liingie kwenye pingili ya nje. Ukikosea hapo, mnyororo unapanda juu ya meno na kukwama.

Mwisho, kata mnyororo. Uzungushe kwenye spoketi ya mbele na ile kubwa kabisa ya nyuma bila kuupitisha kwenye kibadilisha giya cha nyuma, uvute ukaze, kisha ongeza pingili mbili, ya nje na ya ndani. Ukiuacha na urefu wa zamani utalegea na kupiga fremu.

Swali: Nimeondoa spoketi kubwa mwenyewe. Bolti nimezikaza hadi mwisho lakini spoketi iliyobaki inacheza. *Msomaji, Tanga*

Jibu: Bolti zako ni ndefu mno. Zilitengenezwa kubana spoketi mbili na mkono wa krenki katikati. Moja ikitoka, bolti na nati yake vinagusana kabla ya kubana chochote. Usiendelee kukaza, utakata nyuzi. Nunua bolti fupi za spoketi moja, au weka washa zenye unene sawa na spoketi uliyotoa.

Njia tunayoipenda zaidi ni kumpa fundi mwenye grainda ile spoketi kubwa aisage meno yote, alainishe ukingo kwa tupa, kisha uirudishe mahali pake. Bolti za zamani zinabana vizuri, mnyororo hauwezi kuangukia nje, na suruali haili grisi. Kagua bolti zote baada ya kilomita 50, pamoja na ile kubwa ya krenki. Krenki ikitembea huku imelegea, tundu lake la mraba linatanuka na haikazi tena.

Swali: Spoketi zangu tatu zimepigwa ribiti, hazina bolti. Nifanye nini? *Msomaji, Kisumu*

Jibu: Usizipasue. Toa waya na swichi ya mbele, kisha tumia skrubu mbili za kibadilisha giya, zenye alama H (mpaka wa nje) na L (mpaka wa ndani), kukifunga juu ya spoketi ya kati. Ngao zake ziache nafasi ndogo kila upande wa mnyororo, zisiuguse hata ukiwa kwenye spoketi ya mwisho ya nyuma. Skrubu ya L isipofika, kata kipande kifupi cha waya wa giya chenye kichwa chake, kipitishe kwenye kishikio cha waya cha fremu hadi kichwa kikwame, kivute, kisha ukibane kwenye bolti ya kibadilisha giya. Krenki ikija kuchakaa, ndipo ununue ya bolti. Ukiifunga, simama nyuma ya baiskeli utazame: spoketi ya mbele ielekeane na ya katikati ya nyuma, yaani ya nne kama ziko saba. Ikikaa nje sana, utahitaji ekseli ya krenki iliyo fupi zaidi.