Doa la unyayoni na kioo chenye taa

SWALI: Salamu, Daktari. Mimi ni afisa wa kliniki katika kituo cha afya karibu na Ahero. Wageni waliokuja kwa kambi ya matibabu walituachia dermoskopu moja, ile lenzi ndogo yenye taa ya kutazamia ngozi. Tangu hapo imekaa kwenye droo. Nimejaribu kujisomea, lakini picha karibu zote vitabuni ni za ngozi ya wazungu, na wagonjwa wangu wa kila siku wana upele, choa, funza na vidonda. Je, kifaa hiki kina kazi kwetu, au nikipeleke hospitali ya kaunti?
Afisa wa kliniki, Ahero

JIBU: Usikipeleke popote, ndugu yangu. Kitoe kwenye droo, kichaji, na uanze nacho kwa wagonjwa hao hao uliowataja.

Anza na upele, maana ndio utakaokuzoeza jicho. Amekuja mtu anayejikuna usiku kucha, na nyumbani watoto wote wanajikuna. Mshike mkono, mpanue vidole, uweke lenzi katikati ya vidole au kwenye kifundo. Dermoskopu nyingi hukuza mara 10 tu, na hizo zinatosha. Tafuta kwanza njia nyembamba nyeupe inayopindapinda. Ifuate hadi mwisho wake, na hapo utaona kipembetatu cheusi, kidogo kuliko nukta ya kalamu. Hicho ni kichwa cha mdudu mwenyewe na miguu yake ya mbele. Kwenye ngozi nyeusi sana kipembetatu hujificha, ndiyo maana nakuambia uanze na njia. Ukishamwona mdudu kwa macho yako, huna haja ya kubahatisha tena kati ya upele na pumu ya ngozi.

Funza naye huonekana wazi: duara la kahawia lenye tundu jeusi katikati, ambalo ndilo analotolea mayai. Najua huku kwetu hata mtoto wa shule anamjua funza, lakini siku moja atakuja mtu mwenye kijiuvimbe kimoja kisichoeleweka pembeni mwa ukucha, na utashukuru kwamba lenzi unayo.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni nyayo.

Vitabu vyako vimejaa migongo na mashavu ya watu weupe kwa sababu huko ndiko melanoma yao, ile saratani ya ngozi inayoanzia kwenye chembe za rangi, inakotokea sana. Kwetu sisi saratani hiyo ni adimu, ila ikija huchagua unyayo, kiganja au chini ya ukucha, na jua silo la kulaumiwa hapo. Bahati mbaya huko ndiko tusikotazama. Mgonjwa anaingia chumbani na viatu, anaandikiwa dawa, anatoka na viatu. Hapa Nakuru nilimpokea mama mmoja, mkulima wa viazi, ambaye doa lake lilikuwa limetibiwa kama sugu hadi likachimbika na kuwa kidonda. Kote alikopita, hakuna aliyemvua gambuti akamtazama unyayo kwenye mwanga.

Kwa hiyo mvue viatu. Safisha unyayo, upake spiriti au jeli ya ultrasaundi ili mng'ao wa ngozi ya juu usikuzuie kuona ndani, kisha uweke lenzi. (Kama yako ni ile isiyogusa ngozi, spiriti si lazima.) Utaona mistari inayokwenda sambamba, kama shamba la viazi kule Molo: tuta, mfereji, tuta, mfereji. Tuta ndilo pana, na juu yake kuna vinukta vyeupe vilivyojipanga mstari mmoja. Hivyo ni vitundu vya jasho, na ndivyo vinavyokuhakikishia kwamba hapo ni tutani. Sasa jiulize: rangi imekaa wapi? Ikiwa imefuata mifereji, mara nyingi ni doa tu lisilo na madhara. Ikiwa imepanda juu ya matuta na kuvizunguka vile vinukta, andika rufaa siku hiyo hiyo. Madaktari wa Japani ndio waliotufumbua macho hapa, kwa kuwa melanoma ya watu wao nayo huipenda miguu. Wana kanuni nyingine unayoweza kuibandika ukutani: doa la unyayo ambalo hulielewi, haliko mferejini wala tutani, likizidi milimita 7 likatwe kipande kipimwe maabara.

Yapo yatakayokudanganya. Wengi wetu tuna madoa ya kahawia kwenye nyayo zote mbili, mengi, ya miaka mingi, na baadhi hukaa juu ya matuta bila kuwa ugonjwa. Linalonitisha mimi ni doa moja, jipya, linalokua. Hina na piko pia hushika kwenye matuta, basi uliza kama juzi kulikuwa na arusi. Damu iliyovilia kisiginoni kwa mchezaji mpira huonekana nyeusi tititi, lakini ukikwangua ngozi ya juu taratibu, hutoka. Kwenye kucha, mistari myeusi katika vidole kadhaa ni kawaida yetu. Ukucha mmoja wenye mstari unaopanuka, au rangi iliyomwagika hadi kwenye nyama ya pembeni, usiuache. Na usisahau kwamba melanoma nyingine haina weusi wowote. Huja kama kinyama chekundu au kidonda cha unyayo kisichopona, na hapo lenzi isikupe moyo: tuma mgonjwa.

Kwa kuwa uko upande wa Kisumu, utakutana pia na vinundu vya zambarau mguuni kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kansa ya Kaposi huweza kuonyesha rangi nyingi zinazometameta chini ya lenzi, lakini si kansa hiyo peke yake inayoonyesha hivyo. Ukiziona, mwandikie mgonjwa akakatwe kipande kipimwe maabara, na umpime virusi kama hajapimwa.

Usidhani haya ni ya mabingwa tu. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanyika Barcelona na Naples kwa madaktari 73 wa huduma za msingi, waliopewa mafunzo ya siku moja. Waliotumia macho matupu walitambua madoa ya kutilia shaka saratani kwa kiwango cha 54 katika kila 100. Waliotumia dermoskopu, 79. Tena hawakuwajaza mabingwa wagonjwa wasio na tatizo. Ngozi walizotazama si zetu, na mimi natamani utafiti kama huo ufanywe huku kwetu, lakini waliojifunza kwa siku moja walikuwa watu wa kazi kama yako.

Hulazimiki kutaja jina la ugonjwa. Unaamua tu nani aende rufaa wiki hii na nani arudi nyumbani bila wasiwasi. Ukikwama, omba ruhusa ya mgonjwa, weka rula pembeni mwa doa, piga picha kwa simu kupitia lenzi bila kuonyesha uso, umtumie daktari wa ngozi. Na ukiingiwa na hamu ya kusoma zaidi, kituo cha mafunzo ya ngozi cha Moshi, Tanzania, pale hospitali ya KCMC, kinafundisha watu wa kada yetu tangu 1992. Mimi nilisomea pale, na bado natumia niliyofundishwa kila kliniki.

SWALI: Daktari, mama mkwe wangu ana doa jeusi unyayoni ambalo limekuwa likikua. Kwenye zahanati, nesi alilitazama kwa tochi yenye kioo, akatuandikia rufaa. Mume wangu anasema saratani ya ngozi ni ya wazungu. Mama naye anaogopa kwamba ile taa imemchoma ndani. Tufanye nini?
Mkaza mwana, Njoro

JIBU: Nendeni, mwanangu, na msingoje mavuno. Huyo nesi amefanya kazi nzuri sana, na ukimwona mwambie nimesema hivyo.

Mwambie mama kwamba ile ni taa ya kawaida na kioo cha kukuza. Haina miale kama ya eksirei, haichomi, na kidonda hakiwezi kutoka hapo. Mume wako mwambie kwamba Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu.

Sijaliona doa la mama, kwa hiyo siwezi kusema ni nini. Kule rufaa watamtia ganzi, wamkate kipande kidogo kipelekwe maabara, na jibu la maabara ndilo la kushika. Hadi siku hiyo, asikwangue kwa wembe, asipake maji ya betri wala dawa ya kuchomea chunjua, maana mkiliharibu doa mnaharibu pia ushahidi. Hakikisheni bima yake ya afya, SHA, iko hai kabla ya safari, mbebe ile barua ya rufaa, na mtu mmoja mwenye masikio mazuri aingie naye kwa daktari.

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 ana ualbino. Nimeona dermoskopu za kubandika kwenye simu zikiuzwa. Ninunue niwe namkagua mwenyewe?
Mama, Kisumu

JIBU: Hapana, mama. Kwenye ngozi yake daktari husoma zaidi mishipa midogo ya damu, kwa sababu ile rangi ya kahawia tunayoitegemea ni haba au haipo, na hilo linataka mazoezi. Pesa hizo nunua kofia ya ukingo mpana na mashati ya mikono mirefu. Losheni ya jua ulizia ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo huwagawia waliosajiliwa.

Macho yako yanatosha kwa ukaguzi wa nyumbani. Kila mwezi mtazame mdomo wa chini, masikio, kisogo na mikono. Gaga linalokwaruza, au kidonda kilichopita mwezi bila kufunga, mpeleke kliniki ya ngozi hata kama hakimuumi. Na shuleni zungumza na mwalimu mkuu mapema: aruhusiwe kuvaa kofia na mikono mirefu hata kwenye paredi, na michezo yake iwe asubuhi mapema au jioni.